Magoti ni amana: Gia za baiskeli si pambo



Ndugu msomaji, katika misikiti mingi ya mijini siku hizi hukosi kuona viti vya plastiki vimepangwa pembeni mwa safu. Wanaovikalia wapo wazee, wapo wagonjwa, na wapo watu wazima wa makamo ambao ukiwauliza watakuambia neno moja tu: magoti. Kuswali kwa kukaa ni ruhusa ya sheria na hakuna wa kuwalaumu. Mtume (saw) alimwelekeza Imran bin Huswayn (ra), aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa hata hilo alale ubavu. Lakini ruhusa aliyopewa mgonjwa haimzuii mzima kujiuliza, haya magoti yanachakaa kwa njia zipi, na ipi kati ya njia hizo tunaweza kuiziba wenyewe?

Muislamu anayeswali swala tano ana rakaa 17 za faradhi kila siku, na katika hizo ana sijda 34. Kila anapokwenda chini na kila anapoinuka, goti linakunjwa hadi mwisho wake na kukunjuliwa. Bado hujahesabu sunna, tarawehe na witri. Kwa hiyo goti kwetu si kiungo cha kutembelea tu, ni chombo cha ibada. Ukiliharibu ukiwa na miaka 35 kwa jambo ambalo lingeepukika, umejipunguzia mwenyewe.

Njia ninayotaka tuizungumze leo wengi wataiona ndogo: namna tunavyotumia gia za baiskeli. Nimeichagua kwa sababu baiskeli za gia, hasa zile za mtumba kutoka Japani na Ulaya, zimejaa mitaani kwetu, na ukizichunguza nyingi utakuta gia zimefungwa waya, zimeng'olewa, au zipo lakini mwenyewe hajawahi kuzigusa tangu anunue. Anayezigusa naye mara nyingi huziweka kwenye ile nzito kuliko zote na kuziacha hapo, mlimani na bondeni, akiamini hiyo ndiyo gia ya mwanamume. Maoni yangu ni kuwa imani hiyo inaumiza watu, na mafundi na wazazi wanaoiendeleza wana sehemu yao ya lawama.

Kwanza tuondoe hofu. Baiskeli yenyewe si adui wa magoti. Uzito wa mwili unabebwa na siti, mguu unazunguka bila kugonga ardhi, na ndiyo maana madaktari huwashauri watu wenye kisukari, shinikizo la damu na hata wengi wenye maumivu ya viungo wanyonge baiskeli badala ya kukimbia. Madhara huja pale tunapokanyaga pedali kwa nguvu nyingi huku goti likiwa limekunjwa sana. Mbele ya goti kuna kile kimfupa tunachokiita pia ya goti. Nyuma yake kuna gegedu, utando laini unaoteleza juu ya mfupa wa paja. Kadiri unavyosukuma kwa nguvu kubwa na goti likiwa limekunjwa, ndivyo pia hiyo inavyogandamizwa kwenye mfupa. Mtu anayepanda mlima kwa gia nzito, siti ikiwa chini, hulifanya goti lake ligandamizwe namna hiyo kila anapokanyaga, mamia ya mara kwa safari moja. Dalili zake zinajulikana: maumivu ya mbele ya goti wakati wa kupanda ngazi, wakati wa kuchuchumaa, na wakati wa kuinuka kutoka kwenye sijda.

Gia zimetengenezwa kuondoa tatizo hilo hasa. Chukua baiskeli ya magurudumu ya inchi 26, ambayo gurudumu lake likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2. Cheni ikiwa kwenye sproketi ya mbele yenye meno 42 na ya nyuma yenye meno 14, ukizungusha pedali mara moja gurudumu linazunguka mara 3, nawe umekwenda zaidi ya mita 6. Ukihamisha cheni hadi meno 28 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakupa mzunguko mmoja wa gurudumu, yaani kama mita 2 tu. Kazi ya kufika juu ya kilima haikupungua, ila umeigawa vipande vitatu. Pipa la lita 200 huwezi kuliinua, lakini maji yale yale katika ndoo kumi za lita 20 utayahamisha yote na usiku utalala vizuri. Gia nyepesi ni ndoo. Anayeng'ang'ania gia nzito mlimani ni sawa na anayekumbatia pipa mbele za watu.

Na hapo kwenye "mbele za watu" ndipo ulipo ugonjwa wenyewe. Vijana wengi wanajua kabisa kuwa gia nyepesi ipo, ila wanaona aibu miguu yao ikizunguka haraka huku baiskeli ikienda polepole, wakachekwa kuwa wanapepea. Aibu hii si yetu peke yetu. Huko Ufaransa, Henri Desgrange, mwanzilishi wa mashindano ya Tour de France yaliyoanza mwaka 1903, alishikilia kuwa gia za kubadilisha ni za watu waliovuka miaka 45, na kwamba mwanamume hushinda kwa misuli yake. Gia za kuhamisha cheni hazikuruhusiwa kwa washindani wote wa mashindano hayo hadi mwaka 1937. Leo hakuna mshindani wa milimani asiyezitumia, na ukiwatazama hao mabingwa wakipanda, miguu yao inazunguka upesi kwa gia nyepesi kuliko ya kijana wetu anayekwenda sokoni na gunia la muhogo kwenye keria. Kiburi kile kilikufa kwao, sisi tumekiokota.

Dini yetu haikutufundisha kiburi hicho. Bibi Aisha (ra) amesimulia kuwa Mtume (saw) alipopewa hiyari kati ya mambo mawili alichagua lililo jepesi, maadamu halikuwa dhambi. Alipopata habari kuwa Abdullah bin Amr (ra) anafunga kila siku na kusimama usiku kucha, alimkumbusha kuwa mwili wake nao una haki juu yake. Na katika mafundisho yake juu ya safari, yaliyopokewa na Imam Muslim, aliagiza kuwa mkipita na ngamia kwenye ardhi yenye majani wapeni fungu lao la malisho, na mkipita penye ukame harakisheni mpite. Maana yake mwendo hubadilishwa kufuatana na ardhi, na mnyama hasukumwi kwa mwendo mmoja popote. Ngamia alipewa haki hiyo miaka zaidi ya 1400 iliyopita. Sijui kwa nini goti la mchuuzi wa samaki lisipewe.

Sasa tuje kwenye matumizi. Kwenye baiskeli zenye sproketi tatu mbele na kadhaa nyuma, kwa kawaida kishikizo cha mkono wa kushoto huhamisha cheni ya mbele na cha kulia huhamisha ya nyuma. Mbele, sproketi ndogo ni nyepesi na kubwa ni nzito. Nyuma ni kinyume chake, kubwa ndiyo nyepesi. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa na kukata tamaa. Usihangaike na hesabu. Acha ya mbele kwenye sproketi ya katikati na kwa siku nyingi tumia mkono wa kulia tu. Ya mbele ihamishe unapokutana na mlima wa kweli au unaporudi kwenye tambarare ndefu.

Kosa kubwa ni kusubiri. Mtu anaingia mlimani na gia nzito, anasukuma, anasukuma, mwendo unaisha, miguu inakaribia kusimama, ndipo anavuta kishikizo kwa hasira. Cheni iliyobanwa kwa nguvu zote za mwili haiwezi kuhama vizuri. Italia kwa kishindo, itaruka, pengine itakatika au kuchomoka, na mguu utakaotumbukia ghafla unaweza kukuangusha. Gia hubadilishwa kabla ya mlima, miguu ikiwa bado inazunguka. Unalegeza kidogo msukumo wa mguu, unahamisha hatua moja, unasikia cheni imekaa, ndipo unaendelea. Usizivushe gia tatu kwa mpigo. Na kamwe usivute kishikizo baiskeli ikiwa imesimama, kwani cheni haihami bila kuzunguka, na utakapoanza kukanyaga itajikanyaga yenyewe.

Vivyo hivyo, rudisha gia nyepesi kabla ya kusimama. Anayesimama njia panda akiwa na gia nzito, akitaka kuondoka hunyanyuka kwenye siti, husukuma kwa mwili mzima na baiskeli hupepesuka kushoto na kulia. Nyuma yake yupo dereva wa daladala ambaye subira yake tunaijua. Sekunde zile tatu za kupepesuka ni hatari kuliko goti.

Zile baiskeli za Kijapani zenye kikapu mbele, ambazo kina mama wengi wamezipenda, mara nyingi zina gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na hubadilishwa kwa kuzungusha kishikio cha mkono wa kulia. Hizo zina adabu yake tofauti: unaacha kunyonga kwa kitambo kidogo, unazungusha, kisha unaendelea. Zenyewe zinaweza kubadilishwa hata ukiwa umesimama. Namba 1 ni ya kuondokea na ya mlima, 2 ni ya mwendo wa kawaida, 3 ni ya tambarare au upepo ukiwa nyuma. Nasema kwa uhakika kabisa, kwa mtu wa kawaida wa mjini hizi ndizo gia bora kuliko zote, kwa kuwa zimefungiwa ndani na mchanga hauzifikii kwa urahisi.

Usidhani pia kuwa mlima ni ule wa udongo tu. Wakazi wa pwani wanajua upepo wa kusi unavyokaza. Barabara ni tambarare kama mkeka, lakini ukielekea unakotoka upepo huo unanyonga kama unayepanda Lushoto. Huo nao ni mlima, punguza gia. Mchanga mzito ni mlima. Madumu mawili ya maji kwenye keria ni mlima. Na mfungaji anayerudi kazini saa kumi alasiri katika Ramadhani ana mlima wake ndani ya mwili. Ashuke gia mbili chini ya alizozoea, afike akiwa na nguvu za kusimama kwenye tarawehe.

Kipimo cha kujua kama gia ni sahihi hakihitaji chombo zaidi ya saa. Hesabu goti lako la kulia linapanda mara ngapi katika sekunde 15. Likipanda mara 15 hadi 20, yaani mizunguko 60 hadi 80 kwa dakika, upo salama. Likipanda mara 8 au 9 gia ni nzito mno, punguza. Ukiona miguu inazunguka bure na unarukaruka kwenye siti, ongeza. Baada ya wiki mbili huhitaji kuhesabu tena, miguu itakuwa imejua.

Pamoja na gia, tazama siti. Kaa juu ya baiskeli mwenzako akiishikilia, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa uwe umenyooka. Utakaponyonga kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wengi wetu tunaweka siti chini ili miguu yote miwili ifike ardhini tukisimama. Ni raha ya dakika moja inayolipiwa na goti njia nzima. Ukisimama, shuka kwenye siti, weka mguu chini.

Nirudi kwa mafundi. Ninawaheshimu, wengi wao wanalisha familia kwa spana mbili na bomba la kujazia upepo chini ya mwembe. Lakini ule mtindo wa mteja kuleta baiskeli yenye gia inayoruka, na fundi kung'oa mfumo wote, kukata cheni na kuibakiza kwenye sproketi moja, unastahili kupigiwa kelele. Mara nyingi ugonjwa ulikuwa waya uliolegea, ambao hukazwa kwa kuzungusha kifundo kidogo kinachopitisha waya, au cheni chafu. Fundi atasema spea hazipatikani na mteja hana pesa. Ni kweli mara nyingine, na nakubali kuwa baiskeli ya gia moja iliyo imara inamfaa mbeba mkaa wa Kisarawe kuliko gia 18 zinazochomoka barabarani. Hata hivyo swali linabaki: umemwachia ipi? Hakuna baiskeli isiyo na gia. Ile iitwayo haina gia ina moja, na kuna mtu aliyeichagua. Kama ni lazima ibaki moja, basi fundi amfungie mteja wa milimani sproketi ya nyuma yenye meno 22 badala ya 18. Kwa sproketi ile ile ya mbele, mzigo kwenye mguu unapungua kwa kama asilimia 18. Anachopoteza ni mwendo kidogo kwenye tambarare, na mbeba mkaa hashindani na mtu.

Kwa mwenye maumivu tayari, apandishe siti, atumie gia nyepesi, apumzike siku kadhaa kisha arudi taratibu. Goti lililovimba, lenye joto, linalokwama au linalolegea ghafla linahitaji kuonwa na daktari. Tabia ya kununua diklofenaki duka la dawa na kumeza kila siku ili uendelee kunyonga vile vile haifai. Dawa hizo zikitumiwa muda mrefu bila usimamizi huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, na goti linaendelea kusagika kimya kimya kwa kuwa umelinyamazisha.

Mwisho ni usafi, maana gia hazipatani na uchafu. Cheni iliyojaa mchanga na grisi nyeusi haihami vizuri, na inakula meno ya sproketi kama msasa. Ifute kwa kitambaa kikavu kila wiki, na kila baada ya mvua. Tia oili nyepesi, kidogo, tone kwa tone, huku ukirudisha pedali nyuma, kisha futa ile iliyobaki nje. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini za magari, ambayo wengi hupaka kwa sababu ni ya bure, inakusanya mchanga na ina kemikali zisizofaa kugusana na ngozi kila siku.

Kwa anayekwenda kuswali jambo hili lina uzito wa ziada. Alama ya rangi au mafuta iliyobaki kwenye ngozi si tatizo katika udhu, lakini grisi iliyoganda na kufanya tabaka kwenye vidole au chini ya kucha huzuia maji kufika kwenye ngozi, na ni lazima iondolewe kwanza. Msiioshe kwa petroli wala mafuta ya taa, yanakausha ngozi na kuipasua. Paka mafuta ya kupikia kidogo pamoja na sukari au mchanga laini, sugua hadi grisi ilegee, kisha osha kwa sabuni na maji. Kucha zikatwe fupi. Na mguu wa kulia wa suruali au kanzu ufungwe kwa kamba kabla ya kupanda, kwa sababu cheni ipo upande huo, na kanzu ikinaswa kwenye sproketi huchafuka na yaweza kukuangusha. Kitambaa cha kufutia cheni kitundike chini ya siti, kisiwe kile kile cha kufutia jasho.